Bunduki Kuukuu Aliyoitafuta Mpaka Guangzhou

Habari ya kifo chake ilinikuta hapa Guangzhou, Pazhou kwenye kumbi za maonyesho, nikiwa nimesimama katikati ya mnunuzi wa feni kutoka Mbeya na mwenye kiwanda aliyekuwa akimweleza jambo lile lile kwa mara ya tatu. Simu ilitetemeka, nikaichungulia. Ujumbe ulitoka kwa mdogo wake wa kike aliyeko Manyoni: "Dada, kaka ametutoka leo alfajiri. Ni presha." Niliirudisha simu mfukoni nikaendelea kutafsiri habari za nyaya za shaba, na baada ya dakika kama kumi nikagundua kwamba nimemwambia mnunuzi wangu feni zina dhamana ya miaka miwili, ilhali mwenye kiwanda alisema mwaka mmoja. Nikaomba radhi kwa wote wawili, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Wasomaji wangu wa kila wiki mnajua sina desturi ya kujipamba katika ukurasa huu, kwa hiyo nitasema kama ilivyokuwa: nilichohisi kwanza hakikuwa huzuni. Kilikuwa hasira. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, watu wakinipita na mabegi yao ya magurudumu, "Sasa kaka, ndiyo nini hii? Unakufa na ile kazi hujaimaliza?"

Kazi yenyewe ilikuwa kununua bunduki. Tena si bunduki yoyote. Alitaka bunduki ya kuwindia iliyokwisha kutumika, ya aina ile ya zamani ambayo chini ya kifyatulio ina mkono wa chuma wenye tundu la kuingiza vidole. Unaushusha mkono ule, unaupandisha, ganda limeruka nje na risasi nyingine imeingia, na jicho lako halijatoka kwenye shabaha. Mimi nayajua haya si kwa kuwa napenda bunduki. Sizipendi, na sijawahi kuishika hata moja. Nayajua kwa sababu mtu mmoja alinieleza kwa miaka saba, nikiwa nakula, nikiwa ndani ya metro, nikiwa kitandani na homa, na mara moja tukiwa kanisani, mahubiri yakiendelea.

Marehemu alikuwa mfanyabiashara wa viatu vya watoto. Alikuwa akija Guangzhou mara mbili kwa mwaka, anapanga hoteli ile ile ya bei nafuu mtaani Xiaobei, chumba kisicho na dirisha, na kila asubuhi anakwenda Liuhua kwenye masoko ya viatu akiwa amechomekea shati kama mwalimu mkuu. Mimi nilikuja hapa kusoma, nikabaki kutafsiri, na alikuwa mmoja wa wateja wangu wa kwanza. Nilipenda kumtazama akinunua. Kiatu alikikunja mpaka soli ikalia, akanusa gundi, kisha akaingiza mkono wake mnene ndani na kupapasa polepole, kidole kwa kidole, akitafuta misumari. "Mtoto hawezi kukueleza kiatu kinamuuma wapi," aliniambia. "Analia tu, na wewe unamchapa." Alikuwa mtu wa kusoma kila karatasi kabla ya kutia sahihi, mtu asiyevuka barabara taa ikiwa nyekundu hata kama hakuna gari. Ndiyo maana jambo la bunduki lilinitia wazimu. Mjinga ungemsamehe. Yeye hakuwa mjinga.

Mara ya kwanza alinitajia tukiwa mgahawani, akiwa na paja la kuku mkononi. Aliuliza kama vile anauliza duka la miavuli liko wapi. Nikamwambia, "Kaka, hii nchi raia hauziwi bunduki. Si mpya, si kuukuu. Ukiulizia tu watu watakukimbia." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtu aliyekaa mahali miaka mingi bila kutembea. "Dada," akasema, "China hakuna kisichopatikana. Ni suala la kumjua mwenye nacho." Naomba niseme hapa kwamba sentensi hiyo imewagharimu watu wetu kuliko ushuru wa bandari. Mtu anashuka kwenye ndege na imani kwamba mji mzima ni duka moja refu, na kwamba anayemwambia hakuna ni mvivu au ana wivu. Nimetafsiri neno hilo, meiyou, hakuna, mara nyingi kuliko neno lolote la Kichina, na bado watu hunigeukia mimi na kusema, "Mwambie aangalie vizuri."

Basi katika maonyesho yaliyofuata pale Pazhou alinitoroka. Niligeuka kumsalimia mteja mwingine, nikageuka tena, hayupo. Nilizunguka ukumbi mzima kwa viatu vya kisigino, nikapiga simu, hapokei, na kichwani nilikwisha kumwona ndani ya pingu. Nilimkuta kwenye kibanda cha mapambo ya nyumba, amekaa juu ya kiti cha kifahari, amepewa chai, na mbele yake wamekunjua karatasi ndefu za kubandika ukutani zenye picha ya matofali yaliyochakaa. Wauzaji wawili walikuwa wakimshangilia kwa kila karatasi. Yeye alikuwa ametoa macho. "Dada, hawa watu nimewaambia kwa Kichina chao kabisa. Nimejifunza wiki nzima kwenye simu. Mbona wananionyesha makaratasi?" Ilinichukua muda kuelewa. Kwa herufi zetu, bunduki na ukuta kwa Kichina huandikwa sawa, qiang, na tofauti ni sauti tu: bunduki huisema kwa sauti iliyotulia juu, ukuta kwa sauti inayopanda. Kaka yangu alikuwa amemwendea muuzaji wa mapambo, akamshika mkono kwa heshima na kumwambia kwa sauti inayopanda kwamba anataka ukuta mkuukuu. Sauti mbaya ilimwokoa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini yeye hakucheka. Alikunywa chai yake yote, akashukuru, akaondoka na sampuli mbili za matofali chini ya kwapa, kwa adabu tu.

Kwa nini sikumuuliza siku ile? Kazi yangu ni kuuliza. Mnunuzi akisema anataka "feni nzuri," namuuliza, nzuri vipi, isiyopiga kelele au isiyoungua umeme ukicheza? Lakini kwa bunduki nilishaamua jibu. Nilidhani ni ule ugonjwa wa wanaume wa makamo wanaotaka kuonekana. Nilimwita mwindaji mbele za watu, na wenzake wa Xiaobei wakalidaka jina hilo, akawa anasalimiwa hivyo lifti ikifunguka. Alivumilia. Alikuwa mvumilivu kwa kila mtu, na hilo nalo lilikuwa linanichosha.

Mwaka uliofuata, mchana mmoja wa joto kali, nilipigiwa simu na sauti ya Kichina iliyonitaja kwa jina langu kamili. Ilikuwa kituo cha polisi. Mtu wangu alikuwa hapo, alikuwa ametoa namba yangu, naombwa nije nitafsiri. Nilifika nimelowa jasho nikamkuta amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, shati limechomekewa, na juu ya meza kitu kirefu kimefunguliwa kwenye karatasi ya kaki. Ilikuwa bunduki ile ile aliyonieleza, yenye mkono wa chuma chini na kitako cha mti kilichofifia rangi.  Aliyekuwa akimhoji ni mama wa makamo, mpole wa sauti, mwenye sare iliyonyooka. Akanieleza kwamba wakala wa mizigo wa Xiaobei, katika kukagua viatu vya kontena la wafanyabiashara kadhaa, alikuta furushi hili limelazwa chini ya maboksi, akafanya alivyopaswa kufanya: akapiga simu. Kontena zima limesimamishwa. Kitu chenyewe ni cha bandia, kilitengenezwa kwa ajili ya kupigia picha studio, mtutu wake hauna tundu. "Lakini hata ya bandia hairuhusiwi," akasema. "Muulize alikuwa anaitakia nini."

Nikamgeukia kwa Kiswahili, na sikuficha sauti yangu. "Umefanya nini wewe? Umeuziwa mdoli, unajua? Hii haifyatui!"

"Najua haifyatui, dada," akasema taratibu. "Nilipoinunua nilijua. Mama hatafyatua. Mama atashika tu."

"Mama yupi?"

Polisi akagonga meza kwa kalamu. "Anasemaje?"

Hivyo ndivyo nilivyokuja kujua. Si kwa urafiki wetu, wala si kwa chai tulizokunywa, bali kwa kuwa nililazimishwa kisheria kutafsiri kila sentensi. Alikuwa akisema kidogo, ananyamaza, ananisubiri, nami naigeuza kwa Kichina huku naisikia kwa mara ya kwanza. Baba yake alikuwa na bunduki kama ile. Aliuziwa na fundi mmoja wa reli aliyekuwa anastaafu na kurudi kwao Ulaya, akaiandikisha kihalali, akawa ndiye anayeitwa nguruwe pori wakivamia mashamba ya karanga na mtama. Baba alipofariki, bunduki ilisalimishwa polisi kama sheria inavyotaka, na familia ikaambiwa mrithi aombe kibali ndani ya muda fulani. Mrithi ni yeye, mtoto wa kwanza. Lakini ulikuwa msimu wa viatu vya shule. Alikuwa Guangzhou. Akasema atakwenda akirudi, akarudi, akapata mzigo mwingine, akaja tena. Alipokwenda hatimaye akiwa na vyeti vyote mkononi, akaambiwa muda ulikwisha pita, silaha zile zilipelekwa kuteketezwa pamoja na nyingine.

"Na mama?" nikauliza, na hilo halikuwa swali la polisi.

"Mama macho yake yana mtoto wa jicho, haoni tena. Kila nikimpigia, baada ya salamu swali lake ni moja. Bunduki ya baba yenu iko wapi? Nilimwambia iko kwa fundi. Baadaye nikamwambia fundi anasubiri kipuri. Kisha nikamwambia kipuri kinatoka China." Akatazama chini. "Nimemwambia uongo mama yangu miaka minne, dada. Nilitaka nimpe ashike, ausikie ule mkono ukilia, atulie. Ndiyo maana haitakiwi mpya. Mpya ataijua kwa vidole."

Nilimaliza kutafsiri. Yule mama wa sare akaiweka kalamu mezani. Kisha akauliza kama mama yake ana mtu wa kumhudumia, nikasema yupo binti. Akaandika. Akasema pole zake hazibadilishi sheria, na hakika hazikubadilisha: kitu kile kilichukuliwa, naye akawekwa ndani siku tano. Kontena likachelewa. Viatu vya shule vya watu saba vilifika Dar es Salaam shule zimeshafunguliwa, na ni nani anayenunua kiatu cha shule wiki ya tatu? Wenzake walimtoa kwenye kundi la WhatsApp bila neno. Siwalaumu kwa hasira zao, nilikuwa na zangu. Lakini wiki iliyopita, siku ya kifo chake, kundi lile lile lilijaa mishumaa na mikono iliyounganishwa, mtu mzuri, mtu wa watu, pengo halizibiki, na waliokuwa wakiandika ni wale wale waliokuwa wakigeuza uso lifti ikifunguka. Nilitaka kuandika jambo, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Nimeliweka hapa.

Siku alipotoka nilimpokea na chupa ya maji nikamwambia kitu kimoja tu. "Nenda nyumbani, mkalishe mama, mwambie ukweli." Akanywa maji yote. "Nitamwambia," akasema. "Lakini kwanza niipate." Mnaona? Hapo ningemkaba. Alikuwa ameyasikia maneno yangu yote na kuyapanga upya yakawa na maana nyingine. Alikuwa ameamua kwamba kosa lake lilikuwa kutaka njia ya mkato, na kwamba sasa atanunua ya kweli, nyumbani, kwa sheria, hata ikichukua muda gani.

Basi yakaanza mateso yangu ya simu. Wateja wangu walimzoea. Niko kiwandani, mashine zinalia, simu inaita, ni yeye yuko Kondoa, yuko Mpanda, yuko kijiji fulani nyuma ya Itigi, amemkuta mtu mwenye bunduki ya aina ile anayetaka kuuza. "Sikiliza, dada," ananiambia, halafu nasikia kra, kra, ya chuma kikishuka na kupanda. "Umesikia? Huu mkono umelegea. Unacheza kama jino bovu." Mimi najua nini? Nilimwambia mara ngapi kwamba sijui? Lakini alikuwa ameamua kwamba mtu aliyekwisha kutafsiri habari ile neno kwa neno anaielewa kuliko wote. Nikajikuta najua. Nikajua kwamba ya Kondoa mtutu wake uliliwa na kutu ndani, kwamba aliingiza tochi upande mmoja na hakuona ile mistari ya ndani inayoizungusha risasi. Nikajua kwamba ya Mpanda ilikuwa imebadilishwa kitako kwa mti mwororo ambao mama angeugundua mara moja. Huko Itigi aliipata safi kabisa, kila kitu sawa, ila mwenyewe hakuwa na karatasi. "Anasema nichukue tu mkononi, hakuna atakayejua," alinisimulia kwa mshangao wa kweli. "Dada, mtu mzima na mvi zake! Nilimwambia baba yangu hakuwahi kulala na bunduki isiyo na karatasi." Akatembea kurudi barabarani mikono mitupu.

Katika miaka hiyo biashara yetu huku ilikuwa ikibadilika. Wafanyabiashara wengi waliacha kuja. Kiwanda kinakuonyesha viatu kwa video, unalipa kwa simu, mzigo unakufuata Kariakoo, na mkalimani ni programu isiyodai chakula cha mchana. Migahawa miwili niliyokuwa nikila Xiaobei imefungwa. Watu waliniambia nifurahi kwamba mambo yamekuwa mepesi, na kweli yamekuwa mepesi, ila sijui ni watoto wangapi siku hizi wanavaa viatu ambavyo hakuna mtu aliyeingiza mkono ndani yake kabla ya kununua. Yeye aliendelea kuja. Alikuja hata mara ya mwisho, amekonda, anapumua kwa taabu kwenye ngazi za Liuhua, akakunja soli moja baada ya nyingine. Na akaniambia ameipata. Ilikuwa kwa mjane mmoja wa wilaya ya jirani ambaye mumewe alikuwa bwana misitu. Mtutu mzuri, kitako cha asili, karatasi zote zipo, na mkono ulilia kama ule wa baba yake. Amepita kwenye kamati ya kijiji, ya kata, wamemhoji, wamechukua alama za vidole, imebaki sahihi moja ya mwisho. "Ikifika," akasema, "naenda nayo moja kwa moja. Namwekea mkononi. Ndipo namweleza yote." Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilisema, "Haya kaka, Mungu akipenda." Sikusema tena amwambie ukweli. Nilikwisha kusema mara moja, nikaona inatosha.

Ile sahihi haijafika mpaka leo. Yeye amekwenda.

Siku ya pili baada ya msiba nilipiga simu Manyoni kutoa pole. Mdogo wake alipokea, tukalia kidogo, kisha akasema mama anataka kuzungumza. Nikasikia simu ikihamishwa, sauti za watu, kiti kikivutwa.

"Wewe ndiye yule dada wa China?"

"Shikamoo, mama. Ndiye mimi. Pole sana, mama."

"Marahaba. Tumeshapoa, mwanangu, tutafanyaje." Akanyamaza. Nilidhani anafuta machozi, kumbe alikuwa anasubiri waliokuwa karibu waondoke. "Nikuulize jambo, na wewe usinizungushe kama mwenzako. Bunduki ya baba yao iko wapi?"

Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya jengo la Xiaobei, watu wakivuta mikokoteni ya maboksi. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema iko kwa fundi, ingekuwa rahisi kabisa, hadithi ilikuwa tayari na imezoeleka. "Mama," nikasema, "haipo. Serikali iliichukua na kuiteketeza pamoja na nyingine. Ni miaka mingi sasa. Kaka alichelewa kuifuata, akaona aibu kukuambia."

 Nikajua nimemwua mama wa watu juu ya msiba.

"Imeteketezwa kabisa?" akauliza. "Hakuna mtu aliye nayo?"

"Hakuna, mama. Iliyeyushwa."

"Asante Mungu," akasema. Akarudia, "Asante Mungu wangu."

Kisha akaniambia. Zamani, watoto wakiwa wadogo, mumewe alimwazima binamu yake bunduki ile kwa siku moja tu. Binamu akaona majani yanatikisika pembeni ya shamba, akapiga. Hakuwa nguruwe. Alikuwa mwanamke wa jirani anaokota kuni. Jambo lile liliamuliwa kwa wakubwa na likafunikwa, watoto hawakuambiwa, na mume wake hakumpa tena mtu yeyote silaha ile mpaka anakufa. Kitandani, siku za mwisho, alimwapisha mkewe: isiende mkononi mwa mtu. "Sasa mwanangu ananiambia iko kwa fundi," mama akasema. "Fundi gani anakaa na bunduki mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu? Nikajua ameiuza na anaogopa kusema. Kila nikisikia mlio huko porini, silali. Nasema ni ile. Nasema leo kuna mama mwingine hajarudi na kuni zake. Mimi sikuitaka ile bunduki, mwanangu. Niliichukia. Nilitaka tu mtu aniambie haipo."

 Nilisema pole, nikasema pole tena. Alinibariki, akarudisha simu kwa binti yake.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kukasirika na kila kitu, na nimejaribu kupanga nani wa kulaumiwa. Nimemlaumu yeye. Miaka yote ile, safari zote zile, siku tano ndani, marafiki aliopoteza, presha iliyopanda ngazi pamoja naye, yote kumtafutia mama yake kitu alichokuwa anaomba kisiwepo. Nimemlaumu mama kwa kuuliza swali nusu. Lakini naye angeuliza vipi, na simu ya mwanawe inapitia mikononi mwa watu watatu? Mwisho nimebaki na mimi. Nilisikia swali lile likitajwa kituoni kwa sauti ya mwanawe, bunduki ya baba yenu iko wapi, nikaligeuza kwa Kichina bila kosa hata moja, kila neno mahali pake. Na mimi ambaye naishi kwa kuuliza watu wanamaanisha nini, sikumwambia mwenzangu, hebu muulize mama kwa nini anauliza. Nilikuwa bingwa wa maneno yake yote isipokuwa yale sita.

Sisi tulio mbali tumejizoeza vibaya. Nyumbani wakiuliza jambo tunajibu kwa kifurushi. Baba akiuliza utarudi lini, tunamtumia redio. Mtoto akiuliza kwa nini hukuja, tunamtumia viatu vyenye taa. Mji huu umejaa watu wazuri wanaozunguka sokoni wakitafuta kitu cha kuweka mahali palipotakiwa jibu, na mimi ndiye ninayewasaidia kupata bei. Kitu kinaweza kutafutwa miaka saba. Jibu la yule mama lilihitaji dakika moja ya aibu.

Kwa hiyo somo lenyewe ni fupi, nalo nimelipata kwa mtu ambaye hawezi tena kupiga simu nyumbani. Ukiulizwa na mama yako kitu kiko wapi, mwambie kilipo. Kama hakipo, sema hakipo, hata sauti ikikukwama. Halafu usikate simu. Muulize alikuwa anakitakia nini. Muulize leo, kabla hujaanza kukitafuta.